DR650 ya Dodoma: shajara ya kuongeza nguvu na kutengeneza shokapu

8 Juni 2024. Ilivyo sasa

Pikipiki ni Suzuki DR650SE: pistoni moja, 644 cc, injini inapozwa kwa hewa na oili, kabureta Mikuni BST40. Niliinunua Iringa, kadi safi, sh. 6,800,000. Kazi yake ni visima. Nafunga na kutengeneza pampu za sola kwenye vijiji vya Chamwino na Bahi, kwa hiyo karibu kila nikitoka kuna sanduku la vifaa la kilo 22 nyuma ya kiti. Mimi mwenyewe na helmeti na buti nina kilo 86.

Nina malalamiko mawili. La kwanza, haivuti. Dodoma ipo karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lile lile, hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama asilimia 12, na injini ya kawaida inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Hiyo hairudi kwa kubadili plagi. La pili, nyuma inagonga mwisho kila nikiingia korongo na mzigo.

Ili nisidanganywe na masikio yangu, nimeweka kipimo kimoja: gia ya 4, kutoka kilomita 50 hadi 90 kwa saa, kipande kilichonyooka baada ya Nala kwenye barabara ya Singida, asubuhi kabla upepo haujaamka, kwenda na kurudi, sanduku likiwa nyuma. Simu inafungwa kwenye hendo inarekodi mita, halafu sekunde nazihesabu kwenye video nyumbani. Leo imetoa wastani wa sekunde 6.1. Mafuta ni kilomita 21 kwa lita. Tangi la lita 13.

Nguvu nitaanza nayo. Shokapu baadaye, maana springi zinaagizwa nje na hela haijakamilika.

22 Juni 2024. Matengenezo ya kawaida

Oili, chujio, plagi mbili (injini hii ina plagi mbili kwenye silinda moja, usinunue moja). Tapeti (nafasi za vali) zimesetiwa injini ikiwa baridi: za kuingiza 0.10 mm, za kutoa 0.20 mm. Vipimo vya kitabu ni 0.08 hadi 0.13 na 0.17 hadi 0.22. Za kutoa zilikuwa zimebana.

Nilipokuwa nimefungua upande wa klachi niliziangalia skrubu mbili za swichi ya nyutro. Wenye DR650 duniani kote wanazijua hizo: zikilegea zinadondokea ndani ya injini. Nimezitoboa vichwa na kuzifunga pamoja kwa waya. Ni kazi ya jioni moja na haina gharama ya maana.

Jumla sh. 118,000. Kipimo karibu hakijabadilika, sekunde 6.0.

6 Julai 2024. Jeti ya 155: haikukubali

Maelekezo yanayozunguka kwa pikipiki hii yanafanana kote: kata mfuniko wa juu wa boksi la chujio ili injini ivute hewa, weka jeti kuu (kitundu cha kupimia mafuta ndani ya kabureta) ya 155, inua sindano ya kabureta kwa washa ndogo. Nimefuata yote. Seti ya jeti na washa imetoka Dar, sh. 95,000 pamoja na kifurushi cha basi.

Ikawa nzito. Ukifungua mafuta taratibu inakwenda vizuri, ukiifungua yote inakohoa, moshi mweusi kidogo, plagi zinatoka na masizi makavu. Kipimo kikarudi nyuma: sekunde 6.4. Yaani tumeongeza hewa na mafuta, na pikipiki ikawa nzembe kuliko ilivyotoka kwa mwenyewe.

Fundi wangu wa Majengo akasema, "Kaka, toa hiyo takataka, rudisha ya kiwandani." Ya kiwandani nayo ni 140, na kwa boksi lililofunguliwa ingekuwa kavu, yaani mafuta machache kwa hewa nyingi, injini ipate moto. Jibu lipo katikati, na unaweza kulikaribia kwa hesabu kabla ya kuanza kufungua kabureta ovyo.

Kabureta inavuta mafuta kwa nguvu ya hewa inayopita. Hewa ikiwa nyepesi, mafuta yanapungua pia, lakini hayapungui sawa na hewa: yanafuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa. Hewa ikishuka hadi asilimia 88, mafuta yanashuka hadi kama 94 tu. Mchanganyiko unakuwa na mafuta ya ziada kwa takriban asilimia 6. Sasa 155 ukiipunguzia asilimia 6 unapata 145 na kitu. Walioandika 155 hawakukosea. Nadhani wengi wao wanaendesha karibu na bahari.

20 Julai 2024. 147.5

Jeti za Mikuni zinapanda kwa hatua ya 2.5. Nilianza na 145: plagi zikatoka nyeupe mno kwa moyo wangu, dalili ya mafuta machache, hasa mchana wa jua. Nikaweka 147.5, sindano ikabaki na washa moja badala ya mbili. Plagi sasa zina rangi ya kahawia hafifu, kukohoa kumekwisha, sailensa imetulia. Sekunde 5.5.

Anayeishi Dar asichukue 147.5 yangu, na anayeishi Njombe ashuke tena.

Mafuta yamekuwa kilomita 19 kwa lita. Kwa tangi la lita 13 hilo linauma ukiwa safari ya Mtera na kurudi, kwa hiyo galoni la lita tano linapanda nyuma.

10 Agosti 2024. Ekzosi ya kuchonga

Nitaandika kwa ufupi kwa sababu imenikera. Fundi mmoja wa kuchomelea alinitengenezea ekzosi ya bomba pana, wazi, sh. 140,000. Kelele nyingi. Kwenye mzunguko wa juu ilivuta kidogo, lakini chini, pale ninapohitaji kutoka kwenye mchanga wa korongo kwa gia ya 2, nguvu ilitoweka. Sekunde 5.8 kwenye kipimo. Mbwa wa kijiji kizima cha Handali walinisindikiza. Nimeirudisha ya kiwandani na hiyo nyingine imelala stoo. Anayeitaka aje na chuma chakavu tubadilishane.

Kuna seti ya kupanua silinda hadi 780 cc inayouzwa Marekani. Nimeifikiria na nimeiacha. Injini ya kupozwa kwa hewa, inayotembea kilomita 20 kwa saa kwenye mchanga saa nane mchana, haihitaji kupewa moto zaidi.

24 Agosti 2024. Sproketi ya mbele, na keria kupasuka

Ya kiwandani ni meno 15 mbele, 42 nyuma, cheni namba 525. Niliagiza meno 14. Iliyokuja ilikuwa ya cheni 520. Urefu wa pingili ni ule ule, tofauti ni upana, kwa hiyo cheni ya 525 inakaa juu yake bila kulalamika, na hapo ndipo fundi anaposema "imeingia". Ishike cheni kwa vidole uisukume pembeni: inacheza. Ingekula meno na cheni pamoja. Muuzaji alirudisha hela, nauli ya kifurushi sh. 10,000 ikabaki kwangu. Ya 525 imepatikana kwa mwingine, sh. 65,000.

Matokeo: sekunde 5.1. Mita ya pikipiki hii inasoma gurudumu la mbele kwa waya, kwa hiyo kubadili sproketi hakuidanganyi. Kuna bei yake: kwenye lami injini inazunguka zaidi kwa kasi ile ile, na cheni inapita karibu zaidi na raba ya mkono wa nyuma. Ikague hiyo raba kila ukikaza cheni.

Wiki hiyo hiyo, kati ya Mvumi na Handali, keria imepasuka kwenye weld. Si bahati mbaya. Korongo nililokuwa nikiliingia kwa unyenyekevu sasa nafika nalo na kasi, nyuma inagonga mwisho, na kilo 22 za vifaa zinatua zote kwenye bomba la keria. Kuchomelea sh. 15,000. Multimita nayo ilitoka sandukuni ikiwa na kioo chenye ufa.

Mtu anayetaka kunakili kazi hii aanze na shokapu. Mimi nilianza na kilichokuwa rahisi kununua.

14 Septemba 2024. Kupima mdidimio

Unapima umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi alama moja kwenye bodi, mara tatu: gurudumu likining'inia, pikipiki ikisimama peke yake, halafu wewe ukiwa juu na mzigo wako wote. Tofauti ya kwanza na ya tatu ndiyo mdidimio. Kwa shokapu zenye safari (umbali wa kujibonyeza) ya mm 260 kama hizi, inatakiwa iwe karibu theluthi moja, yaani mm 80 hadi 90.

Yangu: mm 124. Karibu nusu ya safari imekwisha kabla sijatoka getini.

Halafu kitu cha pili. Kiti cha DR650SE kwa kawaida kipo juu, mm 885, na kwangu tepu ilisoma chini ya hapo kwa kama sm 4. Suzuki waliitengeneza hii ili iweze kushushwa kwa watu wafupi: nyuma kwa kuhamisha bolti ya chini ya shokapu, mbele kwa kubadili mpangilio ndani ya shokapu zenyewe. Aliyekuwa nayo kabla yangu aliishusha. Hakuna aliyenidanganya, sikuuliza. Ila inaeleza kwa nini plate ya chini ya injini ina mikwaruzo kama imepigwa msasa.

Nyuma nimerudisha bolti leo. Pikipiki imepanda, na stendi ya pembeni imekuwa fupi. Inaegemea hadi unaogopa. Kipande cha bamba kimechomelewa chini ya stendi, tatizo limekwisha. Mbele itasubiri springi.

28 Septemba 2024. Oili nzito mbele: hela imepotea

Springi zimeagizwa na bado zipo njiani, nikaona nijaribu njia ya bei nafuu ambayo kila kijiwe kinaishauri: oili nzito ndani ya shokapu za mbele. Lita mbili za 15W, sh. 76,000 na ufundi.

Kwenye breki, mbele haizami haraka kama zamani. Hilo ni kweli. Lakini nenda nayo kwenye barabara ya vumbi yenye rasta, vile vimatuta vidogo vilivyopangana, ukiwa kilomita 50 kwa saa. Hendo linatetemeka hadi vidole vya kulia vinakufa ganzi. Kilomita chache nikasimama chini ya mbuyu kukunja na kukunjua mkono. Mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi akanisalimia, "Mbukwenyi," akanitazama mkono, akauliza kama nimeanguka.

Sababu iko kwenye muundo. Shokapu hizi zinasukuma oili kupitia matundu ya ukubwa mmoja. Kwa tundu la namna hiyo, ukinzani unapanda kwa mraba wa kasi: kasi ya kujibonyeza ikiwa mara mbili, ukinzani mara nne. Mbele ikizama taratibu kwenye breki, oili inapita bila kuzuiwa sana. Jiwe au rasta ikiipiga ghafla, oili haiwahi kupita, shokapu inakuwa nondo. Ukiweka oili nzito unaongeza pote pawili, na pale ambapo tayari palikuwa pagumu ndipo panapozidi.

26 Oktoba 2024. Springi na vali za mbele

Mzigo umefika: springi za mbele 0.50 kg/mm, ya nyuma 7.6 kg/mm, na jozi ya vali za emuleta. Bei sh. 1,150,000, usafiri na ushuru sh. 410,000. Ndiyo, najua.

Emuleta ni vali ndogo inayokaa juu ya fimbo ya ndani ya shokapu, chini ya springi kuu. Ina kisahani kilichoshikwa na springi yake. Mwendo wa taratibu, kisahani kinafunga na kuzuia. Pigo la ghafla linakisukuma kinafunguka na oili inapita. Ili ifanye kazi, matundu ya zamani kwenye fimbo lazima yapanuliwe yasizuie tena: yawe sita ya mm 8. Kurudi kwa shokapu kunabaki kutegemea uzito wa oili, hivyo 15W imetoka, imeingia 10W.

Shokapu zikiwa wazi, mpangilio wa ndani umerudishwa kwenye kimo cha kawaida. Sili mpya zote. Kipande kinachokaa juu ya springi kilikuwa kirefu mno kwa sababu emuleta imechukua nafasi, nikakata kingine kwa bomba la PVC la maji lenye ukuta mnene, ambalo kwangu halikosi, na washa ya chuma juu na chini ili springi isilile. Ncha zikatwe mraba kabisa. Oili ilipimwa mm 140 kutoka mdomoni, springi ikiwa nje na shokapu imebonyezwa hadi mwisho.

Tulipofunga, upande wa kushoto ulikuwa unakwama katikati ya safari. Unabonyeza, unarudi nusu, unasita, unamalizia. Tuliulegeza upande wote, tukatoa fimbo, na ukipitisha kidole kwenye matundu yaliyopanuliwa unasikia kabisa: keekee imeacha makucha ya chuma. Tupa ya duara, msasa namba 400, kuosha kwa petroli, kupuliza. Fundi alifikiri namchosha. "Bwana, hii itajilainisha yenyewe," alisema. Ikijilainisha, hicho chuma kinaogelea kwenye oili na kwenda kwenye sili. Tulifungua na upande wa kulia pia. Ulikuwa vile vile, ila haujaanza kukwama.

Sili na oili sh. 128,000, kuchimba na ufundi sh. 60,000.

9 Novemba 2024. Springi ya nyuma

Usibane springi ya nyuma kwa mikanda ya mizigo. Tumetumia fimbo mbili ndefu za nyuzi, nati na bamba mbili, tunakaza kwa zamu upande huu na ule, hakuna mtu anayekaa mbele ya ncha. Seti mkazo wa springi shokapu ikiwa nje, kwa sababu ikisharudi ndani zile pete mbili unazifikia kwa patasi na matusi.

Mdidimio mpya, mimi na sanduku: mm 86. Pikipiki peke yake: mm 30.

Emuleta zilianza na mizunguko miwili ya mkazo. Mbele ilizama kidogo kwenye breki, nikaongeza hadi miwili na nusu. Hapo nimeacha.

Mvumi hadi Handali na mzigo: nyuma haijagonga mwisho hata kwenye lile korongo la keria. Rasta bado zinasikika, lakini mkono upo hai. Kwenye Nyang'oro, njia ya Iringa, kona za mteremko mbele inakaa inapoambiwa. Kwa kazi yangu, badiliko hili ni kubwa kuliko ile sekunde moja yote ya injini, na bei yake inalingana na ukubwa huo.

30 Novemba 2024. Vumbi

Tangu nikate mfuniko wa boksi nilikuwa na wasiwasi. Kipimo ni rahisi: paka grisi nyeupe kwa ndani ya raba inayotoka kwenye chujio kwenda kabureta, tembea wiki mbili za vumbi, fungua utazame. Juu na pembeni grisi ilikuwa nyeupe bado. Chini, kwenye ukingo, ulikuwepo mstari mwekundu mwembamba, wa upana wa kucha. Ukiusugua kati ya vidole unakwaruza. Hiyo ni Dodoma inayoingia kwenye silinda.

Chujio lenyewe lilikuwa safi kwa ndani. Vumbi lilikuwa linapita kwenye mdomo lisipolalia vizuri. Chujio jipya la sponji lenye oili, grisi kuzunguka mdomo mzima, na soksi ya sponji juu yake ninayoibadilisha kila baada ya safari ndefu: sh. 55,000. Nimerudia kipimo, grisi imebaki nyeupe pande zote.

21 Desemba 2024. Mvua, na kilichobaki

Mvua zimeanza, na boksi lililo wazi juu limeonyesha upande wake mwingine: kiti kinavuja maji moja kwa moja kwenye chujio. Kipande cha mpira wa tairi la ndani kimewekwa chini ya kiti kama paa, hewa inaingia kwa pembeni. Kipimo kimebaki sekunde 5.2, sitalia kwa sehemu moja ya kumi.

Hesabu hadi leo: injini na hewa sh. 483,000, humo ikiwemo 140,000 ya ekzosi. Shokapu na keria sh. 1,839,000, humo ikiwemo 76,000 ya oili nzito. Jumla sh. 2,322,000.

Linalobaki ni shokapu ya nyuma. Springi ni mpya lakini oili ya ndani haijawahi kubadilishwa, na ikipata moto baada ya saa moja ya vumbi inaanza kurusha. Kuifungua kunahitaji kujazwa naitrojeni tena, na kwa hapa mjini sijampata fundi mwenye mtungi na mita yake. Itashuka Dar kwa basi mwezi Januari. Wakati huo visima vya Bahi nitakwenda kwa boda ya jirani, na sanduku nimepunguza hadi kilo 15.